Baka Mkononi, Daktari Juba

Mliniuliza Jumapili baada ya ibada, hata sijafika getini: mbona umekuwa mweusi hivi, Nasimiyu, huko Sudani Kusini mnakaangwa? Nikasema ni jua. Jioni Rose akauliza tena kwa simu, kesho yake Mama Tabi, na nikaona nikiendelea hivi nitalisingizia jua mambo ambayo halikuyafanya. Basi nimekaa hapa Kitale kwa mama, mvua inanyesha, binti yangu Nanjala amelala, nami nawaandikia yote, kina dada, kwa mkupuo mmoja. Habari za vibali na tiketi nimeziruka. Hakuna aliyewahi kuziomba mara ya pili.

Kwa aliyesahau, mimi nafundisha Kiingereza katika shule ya bweni kule Kapoeta. Zaidi ya vitenzi na insha, kazi yangu ni kuhakikisha kwamba ndani ya ua wa shule hakuna anayezungumza lugha nyingine. Kiingereza ndiyo lugha rasmi ya nchi, nilikuwa nikiwaambia wanafunzi, mkikishika kitawafikisha popote. Niliyaamini maneno hayo kiasi kwamba kwa muda wote niliokaa huko sikujifunza Kiarabu cha Juba hata cha kuombea chumvi. Chumvi nilimwomba Apio. Apio ni mwalimu wa biolojia, Mganda wa Tororo, na tunalala chumba kimoja.

Apio ndiye aliyeliona baka. Lilikuwa nyuma ya mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko, mahali ambapo mtu hajitazami. Lilianza dogo kama kifuniko cha soda, rangi yake imefifia kuliko ngozi nyingine, halafu likajinafasi taratibu. Halikuwasha wala kuuma. Nikasema ni choa, nikapaka tyubu ya kwanza, ya pili, na ya tatu ambayo harufu yake ilimfanya Apio alale akiutazama ukuta. Baka halikujali. Kisha siku moja tukipika, Apio akapiga yowe. Nikageuka nimuulize kuna nini, naye akaniondoa mkono kwenye ubavu wa sufuria ya moto. Palikuwa pameshatoka lengelenge. Mimi nilikuwa bado nauliza, "Nini? Nini?"

Siku iliyofuata tulikwenda zahanati. Mganga akalitazama baka, akalitazama lengelenge, akaacha kutabasamu. Akasema niende Juba, kuna hospitali ina daktari bingwa wa ngozi, Mmisri.

"Anazungumza Kiingereza?" nikauliza.

"Ni daktari," akasema, kana kwamba hilo lilikuwa jibu.

Kapoeta hadi kwenye mto ambao jana ulikuwa mchanga

Tuliondoka asubuhi kwa Land Cruiser ya dereva anayeitwa Lokai, mtu mpole anayeendesha gari huku akizungumza nalo. Ilikuwa msimu wa mvua. Mwendo wa saa chache tukafika kwenye mto ambao, kwa maelezo ya Lokai, jana yake ulikuwa mchanga. Siku hiyo ulikuwa maji ya rangi ya chai ya maziwa, na ndani yake lori limekaa katikati kama ng'ombe aliyekataa kuondoka.

Lokai akazima gari. "Tunangoja maji ipite," akasema.

"Itapita saa ngapi?"

Akayatazama maji kwa heshima. "Ikimaliza."

Basi tukangoja. Abiria wa lori walikuwa wameshanunua mbuzi kwa wachungaji na wanamchoma kando ya barabara, nasi tukakaribishwa kama jamaa waliochelewa harusi. Niliketi na mfanyabiashara wa vitunguu, mtu mnene mwenye sauti ya mahubiri, na nilipokunja mikono ya blauzi ili nile, akaliona baka. Akaniuliza ni nini. Nikasema ndilo linalonipeleka Juba. Hapo mkutano ukafunguliwa.

Lokai alisema ni mdudu, yule mwembamba mwenye mistari anayeacha moto akikutambalia. Mwanamke mmoja akasema ni damu chafu na ninywe mwarobaini. Mwenye vitunguu akatikisa kichwa kwa huruma kwa ujinga wao wote.

"Hiyo ni aleji ya samaki," akasema.

"Sijala samaki tangu Krismasi."

"Umeona? Ndiyo maana haijaisha. Mwili inatafuta."

Nilicheka nao. Nawaambia kweli, nilicheka sana siku ile, kwa sababu kila walichokitaja kilikuwa kitu kidogo chenye dawa ndogo, na mimi nilitaka sana mmoja wao awe amesema kweli.

Alasiri maji yakapungua. Vijana wawili wakatangulia kwa miguu, maji yakiwafika mapajani, na Lokai akawafuata huku akilibembeleza gari kwa sauti ya chini. Maji yalipogonga mlango nikaanza kuomba. Niliomba kwa Kiingereza, kwa mazoea ya kazi, na Lokai akageuka mara moja akaniuliza nazungumza na nani.

Torit hadi darajani

Torit tulilala, na asubuhi tukanywa chai ya tangawizi na maandazi magumu kidogo kuliko heshima inavyoruhusu. Nilikuwa na furaha ya mtu ambaye hajafa maji.

Barabara ya kwenda Juba ina vizuizi vingi, na kwenye kimoja askari kijana akachungulia dirishani, akanitazama mimi peke yangu kati ya abiria wote.

"Jinsia?" akauliza.

Nilishangaa. Nilikuwa nimevaa gauni, hereni, na kilemba. Lakini bunduki ni bunduki, na mimi ni mwalimu, nikijibu najibu kikamilifu. "Mwanamke," nikasema.

Askari akakunja uso. "Jinsia," akarudia, polepole, kama anayezungumza na mtoto.

"Mwanamke!" nikasema kwa sauti zaidi, na kwa ushahidi nikamwonyesha kilemba.

Lokai ndiye aliyeniokoa, machozi yakimtoka kwa kucheka. Kumbe kwao neno hilo ni uraia. Askari alikuwa anataka kujua mimi ni wa nchi gani. Alipoelezwa, akacheka mpaka akaegemea mlango, akamwita mwenzake, nikatakiwa kurudia jibu langu kwa ajili ya yule ambaye hakulisikia. Tukaruhusiwa kupita bila mzigo hata mmoja kufunguliwa. Abiria wengine walinishukuru. Mimi nilikuwa nimeanza kutambua kwamba Kiswahili changu chenyewe, hicho nilichokijua kabla ya Kiingereza, kilikuwa kimeanza kunigeuka.

Jua likielekea kuzama tukavuka daraja la Nile, pikipiki zikitupita kulia na kushoto, na Lokai akalipigapiga gari kwenye usukani akaliambia ahsante.

Hai Malakal, kwa Auntie Grace

Apio ana shangazi yake Juba, Auntie Grace, ambaye ana kiduka cha chakula mtaa wa Hai Cinema na nyumba mtaa wa Hai Malakal. Alinipokea kama mtoto wake, akanipa chumba chenye neti mpya, akaniletea kisra, ile mikate yao laini na myembamba kama kitambaa, pamoja na mchuzi wa bamia. Nilikula mpaka akaridhika, na yeye haridhiki upesi. Nilipomwonyesha mkono akasema, "Aa, hii kitu kidogo, mwanangu. Daktari atakupaka kitu, utarudi shule." Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaukanda alipokuwa akiomba. Naukumbuka mshiko huo.

Asubuhi akaniitia boda. Mwendeshaji aliitwa Candia, mtu wa Arua, kofia ya chuma ameivaa kwenye kiwiko.

"Mpeleke huyu kwa daktari ya ngozi," Auntie akamwambia.

"Daktari ya ngozi? Iko. Mimi najua yeye. Iko mzuri sana, watu yote naenda kwake."

Nilifarijika. Daktari anayejulikana na waendesha boda ni daktari aliyeponya watu.

Kator, kwa daktari wa kwanza

Tulikwenda Kator. Tukapita kanisa kuu la Wakatoliki, tukakata kona mbili, na Candia akasimama mbele ya mwavuli mkubwa uliochanika. Chini ya mwavuli aliketi mwanamume mwenye miwani, amezungukwa na makopo na vipande vya mpira, na juu yake ubao umeandikwa kwa rangi nyeupe neno moja la Kiingereza ambalo hata mimi sikuweza kulibishia: DOCTOR.

Mtaniuliza kwa nini sikuelewa papo hapo. Nami najiuliza. Lakini nilikuwa nimelala vibaya, nilikuwa na hofu, na nilijiambia kwamba Juba ni mji wa kuanza upya, hospitali nyingine bado zinajengwa.

"Lete nione," akasema yule daktari, akipangusa mikono.

Nikakunja mkono wa blauzi, nikamnyooshea baka.

Akalitazama. Akanitazama usoni. Kisha akainama akatazama miguu yangu. "Kiatu iko wapi?"

"Kiatu gani?"

"Kiatu ya kushona."

Candia akaanza kujikuna kichwa chini ya kofia ambayo hakuwa ameivaa. Fundi wa viatu akavua miwani, Candia akamweleza hili na lile kwa Kiarabu, na alipoelewa hakucheka, namsifu kwa hilo. Alisema kwa upole mkubwa, "Mama, mimi natibu ngozi ya ng'ombe. Ya mtu, hapana." Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimekuja na ilionekana vibaya kuniacha niondoke bure, akaiona kanda ya sandali yangu imelegea. Akaivua mwenyewe mguuni, akaipiga nyuzi nne, akanirudishia, huku Candia akimpigia kila anayemjua simu kuulizia hospitali. Hivyo ndivyo daktari wangu wa kwanza Juba alivyonitibu, na ile sandali mpaka leo haijalegea.

Hospitalini

Hospitali yenyewe ilikuwa na baraza refu, viti vya plastiki, na watu waliojaa mpaka kwenye ngazi. Niliketi kati ya mama mwenye mtoto mchanga na mzee aliyeshika picha ya eksirei kama bango la harusi. Kukawa na joto. Mhudumu mmoja akapita na ndoo na vikombe, akasimama mbele ya kila mtu akiuliza kitu. Alipofika kwangu akauliza, "Deru moyo?"

Moyo. Nikashtuka, halafu nikaona ni utaratibu mzuri, hospitali inayouliza habari za moyo kwa kila mgonjwa kabla hajaonwa.

"Moyo uko salama," nikasema, nikigusa kifua. "Tatizo ni ngozi."

Akanitazama, akaenda kwa mama mwenye mtoto. Mama akajaziwa kikombe. Mzee naye akajaziwa. Mimi nilikaa pale na kiu yangu hadi karibu adhuhuri, nikiwaonea huruma wote wale wenye matatizo ya moyo, na nikishangaa kwamba dawa yake ni maji.

Aliyenieleza ni Sista Poni, muuguzi wa chumba cha ngozi, aliponiita na kunikuta midomo imekauka. Yeye ni Mbari, kabila la hapo hapo Juba, lakini alikulia kambini Uganda, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. "Moyo ni maji, Madam," akasema, akanimiminia vikombe viwili. "Wewe umekataa maji, sasa nalia na kiu." Nikampenda tangu hapo.

Daktari alikuwa mtu wa makamo, mwenye mvi safi na adabu nyingi. Alisimama nilipoingia. Nikamsalimu kwa Kiingereza changu cha darasani, nikamweleza historia ya baka tangu siku ya kwanza, kwa nyakati sahihi za vitenzi. Alisikiliza hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa, halafu akamgeukia Sista Poni na kumuuliza kwa Kiarabu nimesema nini.

Si kwamba hakujua Kiingereza. Alikijua, ila nusu yake ile ambayo mimi sina. Alilitaja baka langu kwa jina refu la Kilatini na Kigiriki, akaorodhesha mishipa ya mkono mzima, lakini alipotaka niketi alinionyesha kiti kwa vidole kwa sababu neno la kuketi halikumjia. Mimi nilikuwa na maneno yote ya kuketi, kusimama, kufungua na kufunga, na sikuwa na hata moja la kwake. Tulikuwa watu wawili wa Kiingereza kimoja ambao hatukukutana popote katikati. Basi yeye akasema Kiarabu, Sista akasema Kiswahili chake, nami nikajibu kwa changu, na Kiingereza tukakiacha kwenye bango la ukutani.

"Daktari nasema, hii kitu nawasha?"

"Haiwashi."

"Nauma?"

"Hata kidogo."

"Hii alama ya moto, wewe ulisikia wakati naungua?"

Nikasema nilikuwa nikizungumza na mwenzangu, sikuwa makini. Sista akatafsiri. Daktari akaandika kitu, akavuta droo akatoa pamba, akaisokota ncha ikawa kama uzi.

"Sasa wewe funga macho," Sista akasema. "Akigusa, wewe nasema ndiyo. Hapana gusa, wewe nyamaza."

Nikafunga macho. Pamba ikanigusa shavuni. "Ndiyo." Ikanigusa mkono wa kulia. "Ndiyo." Shingoni, "ndiyo," kiganja cha kushoto, "ndiyo." Mtihani rahisi. Mimi ni mtu wa mitihani.

Halafu wakaacha. Nikasubiri. Niliisikia feni, nilikisikia kiti cha daktari kikisogea, pumzi yake ikawa karibu na mkono wangu, lakini hakuna kilichoendelea. Nikadhani wamekwama tena kwenye neno fulani. Nikawahurumia. Nikaona niwasaidie, macho yangu yakiwa yamefungwa, nikasema kwa Kiingereza cha polepole kama ninachowasemea watoto wa Senior One, kwamba niko tayari, tafadhali waendelee.



"Madam," Sista Poni akasema. "Fungua macho."

Pamba ilikuwa juu ya mkono wangu. Daktari alikuwa akiipitisha kwenye baka, akiizungusha toka ukingo hadi ukingo, taratibu, na alikuwa akifanya hivyo wakati wote niliokuwa nikimsubiri aanze. Niliitazama ile ncha nyeupe ikitembea. Nikaitazama tena ikitembea. Safari nzima nilikuwa nimelaumu lugha kwa kila kitu, na hapo, mahali pekee ambapo hakuna neno lililohitajika, ndipo sikuambulia kitu.

Akanibonyeza kiwiko kwa ndani, akaupapasa mshipa, akanikwaruza kidogo kwenye ncha ya sikio kwa ajili ya maabara. Kisha akaketi, akanitazama machoni, akasema, "Hansen."

"Ni daktari mwingine?" nikamuuliza Sista. "Yuko hospitali gani?" Niliona safari nyingine ikianza, boda nyingine, pengine fundi mwingine.

Daktari akalisema tena, halafu akalisema kwa Kiarabu: *juzam*. Sista Poni, ambaye tangu tuanze alikuwa akitafsiri kwa kasi ya mtu anayepanga sahani, akanyamaza. Akaitazama saa yake ya kifuani. Akaigeuza. Akanishika bega.

"Madam, Kiswahili yake imenipotea," akasema. "Ile ugonjwa ya kwa Biblia. Wale watu kumi, Yesu nawaponya, moja narudi kusema ahsante. Kwenu nasema namna gani?"

Basi nikaitafsiri mwenyewe. "Ukoma," nikasema.

"Eee," akasema Sista kwa sauti ndogo. "Hiyo."

Sitawadanganya kwamba nilikuwa jasiri. Nililia mbele yao, kilio cha kelele, kisicho na sarufi. Niliona vidole, niliona vile tulivyosimuliwa Shule ya Jumapili, watu wa kukaa nje ya mji na kengele shingoni. Daktari hakunikatiza. Kiliponyamaza kilio, akavuta kiti chake mpaka magoti yetu yakakaribia kugusana, akauchukua ule mkono wangu, akaushika. Hakuvaa glavu. Nadhani alifanya makusudi.

Nikauliza swali moja tu. "Nina mtoto wa miaka saba. Naweza kumshika?"

Sista akauliza. Daktari akatafuta Kiingereza chake cha nusu nyingine, akakipata. "Today," akasema. Kisha kwa Kiarabu akaeleza mengi, na Sista akayaleta yote: kwamba ugonjwa huu una dawa na dawa inauponya kabisa, kwamba ukishaanza vidonge huambukizi mtu, kwamba watu wengi hata wakiishi nao hawaupati, kwamba nimekuja mapema na vidole vyangu nitakwenda navyo kaburini vyote kumi, nikiwa bibi kizee. Ila wale ninaolala nao chumba kimoja na walio nyumbani kwangu waangaliwe ngozi zao. Hisia za pale kwenye baka, akasema, huenda zisirudi. Niwe nautazama mkono ninapopika.

Nikameza dozi ya kwanza mbele yao. Vidonge vingine nikapewa vya kwenda navyo, na Sista akanieleza kwamba vitanifanya niwe mweusi kwa muda. Huo ndio weusi mliouona, kina dada. Jua halikuhusika.

Nilipokuwa mlangoni akaniita. "Madam, kesho asubuhi moyo yako itakuwa nyekundu. Usiogope."

Nilidhani ni maneno ya faraja, baraka ya kwao. Nikamshukuru, nikasema wake pia uwe hivyo. Alinitazama kwa mshangao mkubwa. Asubuhi yake, chooni kwa Auntie Grace, nilipoona maji yangu yametoka mekundu kama sharubati, nilipiga kelele kwanza, ndipo nikakumbuka ndoo, vikombe, na Kiarabu cha Juba.

Kurudi

Auntie Grace nilimwambia ukweli jioni ile ile. Aliketi. Alisema Mungu ni mkubwa. Asubuhi nilipotoka kuoga nilikuta shuka zangu ziko kwenye kamba, zimelowekwa dawa ya kufulia mpaka maua yote yamefutika, na neti mpya imelala kwenye pipa la takataka. Alinifungia kuku wa njiani. Aliniaga kwa kunikumbatia, lakini kwa ubavu, kama mtu aliyevaa nguo nyeupe anayesaidia kubeba gunia la mkaa. Simlaumu. Kuku alikuwa mtamu.

Mto ulikuwa umerudi kuwa mchanga. Lokai aliniuliza daktari amesema nini, nikajibu kwamba si mdudu, naye akasikitika.

Kapoeta, Apio nilimkuta kitandani akisahihisha madaftari. Nilikuwa nimelipanga neno langu tangu Torit, lenye utangulizi na hitimisho. Nikalisema lote kwa pumzi moja. Akaiweka kalamu chini.

"Na mimi?" akasema. "Nipime. Sasa hivi."

"Kesho tutakwenda zahanati."

"Sasa hivi, Nasimiyu!"

Nikachomoa pamba kwenye mto wangu, nikaisokota nilivyoona. Apio akafunga macho kwa nguvu zote, akanyoosha mikono miwili kama anayesubiri fimbo. Nikachukua hatua ya kwanza kumwendea.

"Nasikia!" akapiga kelele. "Nasikia! Hapo hapo nasikia!"

Nilikuwa bado katikati ya chumba. Tulicheka mpaka tukakaa sakafuni, na baadaye tukalia kidogo, na usiku ule hakuhamisha kitanda chake. Zahanati walimkagua wakamwona mzima. Nanjala na mama nao nimewapeleka hapa Kitale wiki iliyopita, wazima wote. Mganga wa hapa alituambia turudi baadaye waangaliwe tena.

Mwalimu mkuu nilimfuata ofisini nikiwa nimeshafungasha nusu ya nguo zangu. Akasikiliza. Akauliza kama naweza kushika chaki. Nikasema naweza. Akasema basi Senior Three hawajasoma tangu niondoke na wanapiga kelele mpaka ofisini kwake.

Kwingine kote palikuwa na upole wa aina yake. Mpishi wa shule alinichagulia kikombe changu mwenyewe akakitia alama ya rangi nyekundu ya kucha kwenye kishikio, na kila chai ya saa nne kikawa kinakaa peke yake mwisho wa meza, umbali wa sahani mbili na vikombe vya wengine. Mwalimu Otieno wa hisabati, ambaye tulikuwa tunakaa bega kwa bega, alihamishia kiti chake dirishani kwa ajili ya upepo. Kapoeta kwa kawaida haina upepo. Nilikunywa kwenye kikombe changu, nikasema ahsante kila siku, na nikaona kwamba vidonge vinatibu mkono tu.

Hali ikawa hiyo mpaka wakati wa mitihani. Tulikuwa tumejifungia sote kusahihisha, meza imefunikwa karatasi, na dirishani jua lilikuwa limemfukuza Otieno, akarudi kukaa karibu nami bila kufikiri. Kichwa chake kilikuwa ndani ya hesabu za watoto. Akanyoosha mkono bila kutazama, akachukua kikombe cha karibu, akanywa funda, akanywa la pili, akafika nusu. Alipokishusha ndipo kidole chake kikagusa ile rangi.

Apio akaacha kuandika. Mwalimu wa historia akaacha kuandika. Otieno akaitazama alama, akanitazama mimi, akakitazama tena kikombe, na uso wake ukawa ule anaokuwa nao mbele ya ubao akitafuta mahali hesabu ilipokosewa.

"Madam," akasema hatimaye, "wewe chai unakunywa bila sukari kabisa?"

Akavuta kopo, akatia vijiko viwili, akakoroga, akaimaliza yote.